Bibi shamba aliyesema "hakuna dawa" ndiye aliyestahili kulipwa

Mkulima wa Isyonje (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, tutakutana huko mbele.

Nipo Isyonje, mkoani Mbeya, pale unapoiacha barabara ya Tukuyu kwenda Kitulo. Huku ni viazi mviringo, pareto na mahindi ya kula. Msimu huu jirani yangu alikodi shamba, mbegu akaipata kwa mtu aliyekuwa anamalizia gunia lake. Viazi vikatoka vizuri mpaka kwenye maua. Mara mchana mmoja mche ukalegea, jioni ukainuka. Kesho yake ukalegea moja kwa moja, na wenzake wa tuta lilelile wakaufuata. Majani bado ya kijani kabisa.

Akakimbilia duka la pembejeo. Muuzaji hakuuliza hata kilianzaje. "Huo ni ukungu huo," kopo likashushwa kwenye shelfu. Jamaa akapuliza. Hali ikazidi, akarudi, akapewa kopo jingine la bei juu. Akapuliza tena. Hela iliyokwenda hapo ingemnunulia mbegu safi na chenji ikabaki.

Ndipo akaitwa bibi shamba wa kata. Mama wa watu akafika na bodaboda, akafuta udongo kwenye viatu vyake kabla ya kuingia shambani, tukacheka. Akaanza maswali mpaka yakakera: mbegu ulitoa wapi? Msimu uliopita hapa palilimwa nini? Maji ya mvua yanashukia kutoka shamba la nani? Jembe ni lako au umeazima? Baada ya hapo akang'oa mche uliolegea, akakata kipande cha shina karibu na mzizi kwa wembe, akaomba glasi ya maji safi. Akakishika kile kipande kwa vidole, nusu ndani ya maji, bila kukitikisa. Tukasubiri. Kwenye mkato ukaanza kushuka uzi mwembamba mweupe, kama tone la maziwa linavyojivuta kwenye maji, halafu mwingine, halafu maji yote ya chini yakaanza kufifia.

"Mnyauko bakteria," akasema. "Hauna dawa."

Akaeleza: huyu si fangasi, ni bakteria anayeziba mishipa ya kupandisha maji ndani ya shina, ndiyo maana mche unanyauka ukiwa wa kijani na udongo una unyevu. Dawa za ukungu hazimgusi. Anasafiri na mbegu, na maji, na jembe, na udongo wa kwenye viatu. Ng'oa miche iliyougua pamoja na viazi vyake, toa nje ya shamba ufukie shimo refu. Misimu inayofuata usirudishe viazi, wala nyanya, bilinganya, pilipili au ngogwe, zote ni ukoo mmoja. Weka mahindi au ngano. Na hivyo vitakavyopona usije ukaviuza kwa mbegu.

Jirani akachukia kweli. "Yaani serikali inakulipa mshahara uje uniambie hakuna dawa?"

Mpaka leo muuzaji anasalimiwa vizuri pale kijijini. Bibi shamba anasemwa.

Sasa hoja yangu. Tumezoea kumpima mtaalamu kwa kile anachotuachia mkononi: kopo, sindano, ramani, karatasi yenye muhuri. Asipotuachia kitu tunaona hakufanya kazi. Lakini yule mama alimwokolea jirani hela ya makopo yaliyokuwa bado yanakuja, na akatuokoa sisi tuliopakana naye kwa chini, kwa sababu maji ya shamba lile yanashukia kwetu. Hasara iliyozuiliwa haina picha. Hakuna mtu anayekwenda kumshukuru mwenzake kwa ugonjwa ambao haukufika shambani kwake.

Halafu tuangalie nani anamlipa nani. Muuzaji anakula kopo likitoka. Bibi shamba mshahara wake ni uleule, ununue dawa usinunue. Katika habari nzima hii, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na nafasi ya kusema hapana na usiku akala. Tukiendelea kuwaona watu hao mzigo wa halmashauri, tutabaki na wanaotuambia ndiyo tu.

Karibuni, hasa wa nyanda za juu kusini. Matusi hapana.

---

Kijana wa Kabwe

Mkuu umeandika vizuri ila umeokota bibi shamba mmoja mzuri ukamfanya wote. Mwaka 2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki nchi nzima. Kwa mjomba wangu kule Umalila hiyo pikipiki tunaiona mnadani na msibani, shambani haijawahi kufika. Ukimpigia anakwambia yuko kwenye semina.

Na usisahau 2017. Uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hao wote jana yake tulikuwa tunawaita wataalamu, tunawapa shikamoo.

---

Mkulima wa Isyonje

Kijana wa Kabwe, huyo wa mjomba wako simtetei. Asiyefika shambani si mtaalamu wa shamba, hata angekuwa na digrii ngapi.

Ila hiyo ya 2017 umejipiga mwenyewe. Vyeti vile vilihakikiwa na nani? Baraza la Mitihani, watu wenye kumbukumbu za kila namba ya mtihani na wanaojua kusoma cheti. Wewe na mimi tungevishika vile vyeti tukaona vyote ni vizuri tu.

---

Nesi wa Zamu

Mleta mada umenigusa. Nipo hospitali, hapa hapa Mbeya, sitasema ipi.

Mtu anakuja na homa, keshajipima mwenyewe nyumbani kwa mdomo: "Nesi, malaria imenipanda." Tunamtoboa kidole, tone la damu kwenye kipimo, tunasubiri. Mstari mmoja, kwenye C. Maana yake kipimo kimefanya kazi na malaria hakuna. Hapo ndipo vita inapoanza. "Hivi vipimo vyenu ni vya kichina." "Mimi mwili wangu naujua." Daktari akimwambia hii ni mafua, pumzika, kunywa maji, ukizidiwa urudi, anatoka amenuna na anapitia duka la dawa kununua mseto, na antibayotiki juu, nusu dozi kwa sababu hela haikutosha.

Ukimwandikia sindano hata ya vitamini, atakuombea baraka kanisani.

Na ninyi mnaosema wataalamu wanapenda hela, mjue hiyo ya kuandika dawa ndiyo njia rahisi. Dakika mbili, mgonjwa kaondoka anacheka. Kumweleza mtu kwa nini hapewi dawa ni nusu saa na foleni inakutukana.

---

Kamwene Kalenga

Kamwene wakuu. Mimi niko Iringa na nitapinga, maana naona mnawapamba wataalamu mno.

Someni habari za mpango wa karanga. 1946 Waingereza walituma wataalamu wa kilimo Tanganyika, wakiongozwa na mtu aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa nchi hii hii. Walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika kwamba ekari zaidi ya milioni 3 za pori zinaweza kugeuzwa mashamba ya karanga, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine zikashushwa, mpaka vifaru vilivyobaki vitani vikageuzwa matrekta. Kongwa udongo ule ukikauka unakuwa mgumu majembe yanavunjika, na mvua si ya kuitegemea. Wagogo wangewaambia bure. 1951 ukazikwa, paundi milioni 36 zimeteketea.

Hao hawakuwa makanjanja, walikuwa na vyeti halali kabisa. Sasa hapo thamani ya mtaalamu iko wapi?

---

Mwalimu Mstaafu Mafinga

Kamwene Kalenga, historia umeisema sawa, ila umeikata mahali pazuri kwako.

Jiulize wale wataalamu waliitwa kujibu swali gani. Uingereza baada ya vita ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, watu wanakula kwa kadi. Serikali ilikuwa inatafuta mtu wa kuiambia "inawezekana", na haraka. Ndiyo maana hawakuanza na shamba la majaribio, hata misimu miwili mitatu kwanza. Utaalamu wa kilimo wenyewe ndio unaofundisha hivyo: anza padogo, pima udongo, hesabu mvua ya miaka mingi. Pale Kongwa walikuwapo wenye majina ya kitaalamu, lakini hatua za kitaalamu zilirukwa, na aliyezirusha ni haraka ya siasa.

Kwa hiyo mimi naichukua Kongwa kuwa upande wa mleta mada. Kilichokosekana pale ni mtu wa kusema hapana na asikilizwe.

---

Kamwene Kalenga

Mwalimu, shikamoo. Ila hapo unacheza. Wakifaulu ni utaalamu, wakishindwa "hatua zilirukwa". Kwa mtindo huo mtaalamu hatakosea mpaka kiama.

---

Mwalimu Mstaafu Mafinga

Marahaba. Swali zuri na sikukwepi. Wanakosea, tena sana, hata wakifuata hatua zote. Tofauti naiona baadaye: je, kuna kitu kilichoandikwa ambacho mwingine anaweza kurudia akaona kosa? Leo wewe unaisema Kongwa kwa tarakimu kwa sababu iliandikwa, ikakaguliwa, ikajadiliwa bungeni kwao. Mganga aliyeshindwa kutibu, nionyeshe faili lake.

---

Mwana Rungwe

Ndaga fijo mleta mada. Mimi nina la upande mwingine kidogo, nalo ni letu wa Rungwe.

Mnamjua kipunji? Yule kima wa msitu wa mlima Rungwe na Livingstone. Dunia ya sayansi ilimtangaza 2005. Lakini wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja kwa jina miaka yote. Watafiti waliokuwa wanafanya kazi Rungwe 2003 walianza kumsikia midomoni mwa wawindaji, wengine wakadhani ni hadithi tu, ndipo wakaenda kumtafuta, wakamwona mwaka huohuo. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakamwona kule Udzungwa, msitu wa Ndundulu.

Sasa nani alikuwa mtaalamu hapo? Babu zetu walijua yupo, anaishi wapi, ana aibu kiasi gani. Mwanzoni wanasayansi wenyewe walimweka kwenye kundi la kima wengine wanaofanana naye. Halafu kipunji mmoja akanaswa na kufa kwenye mtego wa mkulima, kwenye shamba la mahindi karibu na msitu. Mwili ule ndio uliowapa cha kupima, mpaka vinasaba. Wakakuta yuko karibu zaidi na nyani kuliko na wale waliomfananisha nao, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus. Jenasi mpya ya kima Afrika haikuwa imepatikana tangu 1923.

Sijui mnaelewa ninachosema. Bila mwindaji, mtafiti asingejua amtafute nani. Bila mtafiti, sisi tusingejua kwamba mnyama huyu hayupo kwingine kokote duniani. Walipowahesabu wakapata takriban 1,100 tu. Babu alijua yupo msituni kwake, lakini hakuwa na namna ya kujua kwamba hayupo Uganda, Kongo wala Kameruni. Hilo linahitaji mtu wa kulinganisha.

Kinachonikera mimi ni kwamba jina la mtafiti liko kwenye vitabu na mwindaji hana jina.

---

Kijana wa Kabwe

Hapo kwa mwisho Mwana Rungwe umemaliza. Weka lami.

---

Mpunga Mbarali

Wakuu, ninyi mna bahati mnajadili mtaalamu mmoja na ugonjwa mmoja. Njooni Usangu muone wataalamu wanavyopingana.

Mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika maji kiangazi mwaka 1993. Tangu hapo kila anayekuja na ripoti ana mkosaji wake. Mara wafugaji wamejaza ng'ombe kwenye ardhi oevu ya Ihefu. Mara sisi wa mpunga tunafungulia maji kiangazi bila kufunga. Mara ukataji miti huko milimani kwenu. 2006 mifugo ikaondolewa, 2008 eneo la Usangu likaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto umeendelea kukauka.

Umeme ukikatika nchini zamani, kidole kilikuwa kinaelekezwa kwa mkulima wa Mbarali kwamba ndiye aliyenyima bwawa la Mtera maji. Wakaja watafiti wengine wakasema angalieni pia namna maji ya mabwawa yenyewe yanavyoendeshwa. Sasa mimi mwenye majaruba yangu Igurusi nimsikilize yupi? Wote wana vyeti, wote wamekuja na magari meupe.

---

Mkulima wa Isyonje

Mpunga Mbarali, hili lako ndilo gumu kuliko yote humu na sitalimaliza kwa maneno mawili.

Nikikujibu ninavyoona: wakipingana, usiangalie gari wala cheti, waulize walipima nini na wapi. Anayesema wakulima wanamaliza maji kiangazi, je, alisimama kwenye banio la mfereji wako akapima maji yanayoingia na yanayorudi mtoni? Kiangazi au masika? Mwaka mmoja au kumi? Aliyepima mtiririko pale maji yanapotoka Ihefu ana neno zito kuliko aliyehoji viongozi wa kijiji kwa siku moja. Na mara nyingi ukiwauliza hivyo utakuta hawapingani sana, kila mmoja amepima kipande chake cha mto. Anayewapinganisha ni yule anayetaka jibu moja la kutangaza.

Halafu jiulize tena lile swali langu la kwanza: aliyeleta ripoti analipwa na nani, na ripoti ikigeuka angelipwa?

Niongeze jambo kwa wanaosema wataalamu hatuwaoni. Kuna maharage yanaitwa Njano Uyole. Kuna Uyole 94, Uyole 96, Wanja. Kuna mahindi ya UH6303, hiyo U ni Uyole. Jina la kituo limebandikwa kwenye mbegu yenyewe, tunapanda, tunakula, tunauza mpaka Tunduma, na wengi hatujawahi kuuliza pale kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole, pana nini zaidi ya geti. Mbegu mpya inachukua miaka kama kumi: kuchanganya wazazi, kuchagua, kutupa nyingi, kujaribu sehemu za baridi na za joto, kisha mbegu inapelekwa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, nayo ipimwe upya na watu wengine. Miaka yote hiyo mtu analipwa na hakuna anachoonyesha. Mwanasiasa wa haraka angeshamfukuza mwaka wa tatu.

Na viwavijeshi vamizi walipoingia 2017 mliona. Watu walimwaga kila kitu: majivu, mchanga, sabuni ya unga, dawa za kuogeshea ng'ombe. Waliopuliza saa sita mchana walipuliza majani tu, kiwavi alikuwa ndani ya moyo wa mhindi amejificha jua. Ilibidi mtu aje amgeuze kiwavi mkononi, atuonyeshe ile Y iliyopinduka kichwani na madoa manne ya mraba karibu na mkia, aseme huyu siye yule wetu wa zamani, huyu muwahi akiwa mdogo, asubuhi sana au jioni, elekeza pampu kwenye moyo.

---

Fundi Sae

Nimesoma yote. Mimi ni fundi ujenzi, darasa la saba, na naomba nami niitwe mtaalamu. Injinia anaweza kuchora ngazi, lakini ile mbao ya kushikilia zege ikikaa vibaya ni mimi ninayejua kwa jicho itapasukia wapi.

Hata hivyo, nitamtetea injinia. Mteja wa Mbeya ana ugonjwa wa kupunguza nondo. Ramani inasema nguzo za chini nondo ya milimita 16, yeye anakwambia weka 12, "nyumba ya fulani imewekwa 12 na imesimama". Imesimama kwa sababu haijatetemeka. Hapa tuko kwenye bonde la ufa, jamani, na viwanja vyetu vingi ni vya mteremko. Mimi nikimkatalia anamwita fundi mwingine kesho asubuhi. Injinia akikataa, kazi inasimama, kwa sababu jina lake liko kwenye kile kibao cha mradi pale nje na ana usajili wa kunyang'anywa.

Mimi sina cha kunyang'anywa, zaidi ya kazi yenyewe. Ndiyo tofauti yetu. Mikono inaweza kulingana.

---

Kijana wa Kabwe

Fundi Sae hilo la kibao sikuwahi kulifikiria. Bibi shamba naye angekuwa na kibao.

---

Muuza Pembejeo

Nimevumilia ukurasa wa kwanza wote. Mimi ni huyo mnayemsema. Si yule wa Isyonje, ila nina duka, nina kibali, nimehudhuria mafunzo, na dawa ninazouza zimesajiliwa.

Naomba mleta mada anisikilize vizuri. Mkulima anaingia dukani kwangu saa moja asubuhi, Noah inapiga honi nje. "Nipe dawa ya viazi." Vina nini? "Vinanyauka." Umekuja na jani? "Sina." Nikimwambia lete mche mzima na mizizi yake, ananiangalia nimemtukana. Nikimwambia huo unaweza kuwa mnyauko na hauna dawa, anavuka barabara anaingia kwa jirani yangu, na jirani yangu hana maswali. Jioni mimi nina kodi ya fremu, yeye ana mauzo.

Na huyo bibi shamba mnayemsifu ana kata nzima, vijiji vingapi sijui. Mimi nafungua kila siku mpaka usiku, Jumapili baada ya ibada. Kama kuna mtu anayeonana na wakulima wengi kuliko wote hapa nchini ni sisi wa maduka. Mmetuweka kwenye kazi ya udaktari na mnatulipa kwa kopo, halafu mnashangaa tunauza makopo.

---

Nesi wa Zamu

Muuza Pembejeo umesema kweli tupu. Hata maduka ya dawa za binadamu ni hivyo hivyo.

---

Mkulima wa Isyonje

Muuza Pembejeo, hapo umeongea na nimekusikia. Kwamba mna kibali na mafunzo sikatai, na wapo wa kwenu wanaouliza maswali. Shida ni hiyo uliyoitaja mwenyewe, kopo ndilo linalokulipa.

Sasa nikuulize. Ungekuwa unalipwa kwa kuangalia mche, hata jibu likiwa hapana, ungefanya?

---

Muuza Pembejeo

Ningefanya kesho. Mtu alete mche mzima, niuchane, niutazame, nimuulize yale maswali ya bibi shamba, anilipe elfu mbili. Akihitaji dawa hiyo elfu mbili naikata kwenye bei. Ikiwa hakuna dawa, elfu mbili ni yangu na yeye kaokoa elfu arobaini. Lakini nani atanilipa elfu mbili aondoke mikono mitupu? Nionyeshe mmoja.

---

Kamwene Kalenga

Na ukikosea je? Mimi ninarudishiwa?

---

Fundi Sae

Aandike. Karatasi, tarehe, ugonjwa gani, kwa nini amesema hivyo, jina lake na namba ya kibali. Hapo ndipo atakuwa na kibao chake.

---

Muuza Pembejeo

Kuandika sina shida. Nitaandika na nakala nabaki nayo. Afisa ugani akipita aikague, akiona nimekosea aniambie mbele ya mteja.

---

Mpunga Mbarali

Hiyo ya nakala nimeipenda. Yule wa gari jeupe hajawahi kutuachia hata moja.

---

Mwana Rungwe

Mimi nalipa. Nina ngogwe hapa Ushirika zinalegea mchana, jioni zinainuka. Kesho nashuka na mche mzima kwenye ndoo. Unapatikana wapi?

---

Muuza Pembejeo

Nakutumia namba inboksi. Usiutie maji, funga mizizi na udongo wake kwenye gazeti. Na viatu ulivyoingia navyo shambani usije navyo dukani kwangu, wateja wangu wengi ni wa viazi.

---

Kijana wa Kabwe

Elfu mbili lakini? Fanya buku mkuu, hali ngumu.